Sufuri Sita kwa Mwandiko Wangu

Nyumbani kwetu,
Jumapili mchana.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii inakupigia magoti kabla ya kufungua mdomo. Natumaini imekukuta umeketi chini, si juu ya jukwaa, maana najua unavyosoma barua zangu: mkono mmoja karatasi, mkono wa pili brashi, na rangi inadondokea maneno yangu. Mgongo unaendeleaje? Na mama, kile kikohozi cha asubuhi kimemwachia, au bado anakiita mgeni wa kupita na kukataa kumwona daktari? Mwambie mwanawe anamwamkia, na kwamba mapazia aliyonishonea yameyatoshea madirisha kana kwamba alikuja mwenyewe kuyapima kwa shibiri. Sisi huku ni wazima wa mwili. Ya moyo nitayasema.

Kabla sijaendelea, neno moja ambalo nakuomba ulishike hata kama hutasoma mengine. Ile karatasi ya kukiri kosa ambayo ofisi ya maji imekupa uitie sahihi kabla ya Alhamisi, usiitie. Kama umeshashika kalamu, iweke chini. Najua ni mimi mwenyewe niliyekuandikia mwezi uliopita nikakusihi ukiri yaishe. Leo nasema kinyume, na sababu yake ni ndefu. Nitaianzia kwenye utamu, kwa kuwa ndiko mambo yalikoanzia, na kwa kuwa nikianzia kwenye uchungu utamchukia mtu ambaye mimi bado sijui kumchukia.

Baba, nimeolewa na mtu ninayempenda. Ni miezi minne sasa, na bado nikisikia ufunguo wake mlangoni nasimama kama mtu aliyeitwa jina. Nyumba yetu ni vyumba viwili na jiko dogo ambalo watu wawili wakiingia, lazima mmoja atoke ili mwenzake apate kugeuka. Sisi hatutoki. Yeye ndiye huamka kwanza. Huchemsha maji, hunitilia chai, huiweka karibu na mto wangu bila kugonga kijiko, kisha hukaa ukingoni mwa kitanda akisubiri nifumbue macho. Ananiita Nukta, jina alilonipa kazini kwa kuwa katika kuandika namba sikuwahi kusahau nukta. Mama wa nyumba ya chini hutucheka. Aliniambia kuwa ndoa ni chai, hupoa. Nikamjibu kwamba yetu imo kwenye chupa. Akasema hata chupa ina kifuniko, mwanangu, subiri kilegee. Nilirudi juu nikamsimulia mume wangu, naye akacheka hadi akakaa sakafuni.

Nakueleza haya ili ujue sikuandika barua hii kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani. Hapakuwa na ugomvi. Nilikuwa na furaha, na hata leo hii, huku nakuandikia, mkono wangu una harufu ya sabuni yake.

Unakumbuka nilipomaliza kidato cha nne nikapata kazi ya usaidizi katika maabara ya kupima rangi za kuzuia kutu. Ulifurahi kuliko mimi. Ulisema kwamba hatimaye mmoja katika ukoo wetu atajua kwa nini rangi hukaa na kwa nini hubanduka, maana wewe umeipaka miaka thelathini na bado haijakuambia. Sikuwahi kukueleza vizuri kazi yenyewe, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Bamba la chuma lenye ukubwa wa daftari hupakwa rangi inayopimwa. Juu yake husimamishwa bomba fupi la kioo, likabandikwa kwa gundi, kisha humiminwa maji ya chumvi ndani ya bomba hilo. Nyaya mbili huzama majini, na waya wa tatu hubana chuma chenyewe. Ndipo mashine hupitisha umeme mdogo mno, mdogo kiasi kwamba hata taa ya darini huweza kuuvuruga, na kwa hiyo bamba hufungiwa ndani ya sanduku la wavu wa chuma wakati wa kupimwa. Umeme ule ni kama mtu anayebisha hodi. Rangi nzuri haimfungulii, na namba inayosomeka huwa kubwa, mabilioni. Rangi mbaya huingiwa na maji polepole kupitia vitundu visivyoonekana, na namba yake hushuka wiki hadi wiki kabla jicho halijaona hata doa. Wewe, baba, huiona kutu ikishatoka nje. Sisi huisikia ikiwa bado inafunga mizigo.

Kila rangi hukaa kwenye maji wiki kumi na mbili, na hupimwa kila Jumatatu. Kwa kuwa maji hupungua kwa joto la chumba, kila Jumamosi mtu mmoja wa zamu hupita kuyaongeza. Bamba likikauka katikati ya safari, limekufa: kanuni inasema kipimo kianze upya tangu siku ya kwanza, na aliyesababisha aandikwe. Rangi huletwa bila jina la kiwanda, zina namba tu, ili asiwepo wa kuipendelea yoyote. Na kila kipimo hutiwa sahihi mbili, ya aliyesoma mashine na ya shahidi aliyefungua sanduku akaona kwa macho yake kwamba nyaya zimebana bamba linalohusika.

Kuna kitu kimoja zaidi. Kila asubuhi, kabla ya bamba lolote, hupimwa kwanza kisanduku kidogo cha plastiki, kama kiberiti hivi. Ndani yake mna vipande vya umeme vilivyotengenezwa kuiga rangi isiyo na dosari. Kazi yake ni kutuhakikishia kwamba mashine yenyewe haisemi uongo. Hakilowi, hakizeeki, leo na mwaka kesho namba yake ni ileile. Wafanyakazi tulikipa jina la Mtakatifu. Mtu akijigamba kwamba hajawahi kukosea, wenzake humwambia aende akalale kabatini na Mtakatifu mwenzake.

Mume wangu ndiye aliyekuwa mpimaji, mimi mwandishi wa daftari. Alisimama mbele ya mashine, mimi nikaketi kwenye kiti kirefu, naye akanisomea. Wapo wanaotongozwa kwa mashairi, baba. Mimi nilitongozwa kwa namba. Alizisoma taratibu, kwa sauti ya chini, na kila alipofika kwenye nukta alinyamaza kidogo na kunitazama. Kanuni ilinitaka niinuke, nifungue lile sanduku la wavu, nione nyaya, ndipo nitie sahihi. Nilikuwa naitazama kola ya shati lake. Nilitia sahihi kama mtu anayepokea barua ya mapenzi.

Wakati huo ndipo alipokuja kwako kujitambulisha, Jumamosi ile ambayo mama alipika tangu alfajiri. Ulimwuliza kazi yake. Aliposema anapima rangi ulimwonyesha ukucha wa dole gumba lako, ukamwambia kipimo chako ni hicho, na hakihitaji umeme. Alicheka kwa adabu. Akakushikia ngazi ulipopanda kuonyesha mfereji wa paa ulioupaka mwaka niliozaliwa, na uliposhuka alikuwa anakuita baba bila kuambiwa. Jioni ulinivuta pembeni ukasema kijana huyu anajua kusikiliza. Nilirudi nikiwa nimelewa sifa zako.

Sasa tangi. Wewe unalijua kuliko mimi, ila nataka nilitaje ili ujue sikulisahau. Ulipopewa kazi ya kulipaka tangi la maji la mji, ulikwangua kutu ya zamani wiki tatu nzima kwa brashi ya waya na msasa, mpaka Mzee Ngazi, mwenzako wa brashi, akalalamika kwamba mkiendelea kusugua hivyo mtatokea upande wa pili. Ulitumia rangi waliyokuletea wao, iliyokuja na cheti. Haikutimia miezi minane likaota malengelenge kama ngozi iliyoungua, na ofisi ya maji ikakuandikia kwamba rangi ilipimwa ikafaulu, kwa hiyo kosa ni la mpakaji. Walisema hukukwangua vizuri, na kwamba uliizimua rangi kwa thina nyingi ili nyingine ibaki kwako. Ukikiri, utafungiwa kazi miaka mitatu. Ukibisha mbele ya kamati yao Alhamisi ukashindwa, jina lako litafutwa kabisa, na vijana wako wote pamoja nawe.

Uliileta ile barua kwangu ukaandika pembeni kwa penseli, “Mpe mkwe wangu aisome, yeye anayajua haya.” Sikuisoma mwenyewe. Nilimpa yeye, kama tulivyozoea: yeye asome, mimi niandike. Aliisoma kimya mara mbili, akaikunja mara nne. Kisha akaniambia kwa upole kwamba wazee wa brashi wana njia zao za mkato, kwamba umri ni umri, kwamba rangi iliyopimwa haiwezi kubadilika tabia njiani. Akasema heshima kubwa kwa mzee ni kukiri mapema, miaka mitatu ni kufumba na kufumbua, na kwamba yeye kama mtoto wako angekushauri hivyo hata ungekuwa baba yake wa kumzaa. Nami nikachukua kalamu nikakuandikia. Maneno uliyosoma mwezi uliopita yalikuwa yake, mwandiko ulikuwa wangu.

Na si mwandiko tu. Niliamini, baba. Nilikaa nikafikiri kuhusu macho yako, jinsi siku hizi unavyoiweka karatasi mbali ili uone herufi. Nikajiambia labda kweli uliacha kutu mahali ukadhani ni kivuli. Mtu aliyenifundisha kuukagua ukuta kwa kiganja, nilimtilia shaka kwa sababu aliyeniambia alikuwa amenitilia chai.

Kilichonifumbua macho alinifundisha yeye mwenyewe. Bi Mkubwa, mkuu wetu wa maabara, amenipendekeza nifanye mtihani wa upimaji mwezi ujao, na mume wangu akajitolea kunifundisha nyumbani. Alichora mashine kwenye gazeti la zamani, akapanga vijiko kuwa nyaya. Akasema kwamba kabla ya kupitisha umeme wowote, bamba huachwa lipumzike robo saa, kisha husomwa volti yake ya kupumzika. Chuma kilicho kwenye maji ya chumvi huwa na volti yake kidogo hata kikiwa chini ya rangi, kama mtu aliyelala asivyokosa kupumua. Ukisoma sufuri kamili, akasema, jua hukupima bamba. Waya umekatika, au umempima Mtakatifu, ambaye hana pumzi. Nikacheka. Yeye hakucheka, akakusanya vijiko akasema tumechoka, tulale.

Kesho yake kazini nilipata nafasi nikaenda kwenye rafu ya madaftari ya zamani. Sikwenda kuchunguza. Wenzangu hufungua barua za uchumba wao, mimi nilitaka kuzitazama zile kurasa za wiki alizonisomea namba, nikumbuke kila moja ilisemwa kwa sauti gani. Nikaifungua Sampuli Arobaini na Moja. Wiki ya kwanza, volti ya kupumzika ipo. Ya pili ipo. Namba ya ukinzani, ile ya rangi kuuzuia umeme, inashuka, polepole, lakini inashuka. Hadi wiki ya sita ni hivyo. Wiki ya saba, volti sufuri, na ukinzani umeruka juu mabilioni. Wiki ya nane, sufuri. Ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili, sufuri. Sufuri sita, zote kwa mwandiko wangu mzuri, na nukta hazikosekani. Mwisho wa kila mstari sahihi mbili. Kwenye mstari wa wiki ya tisa, karibu na sahihi yangu, nilikuwa nimechora ua dogo.

Jioni ile niliitafuta barua yako. Niliikuta chini ya mashati yake, bado imekunjwa mara nne. Niliisoma kwa mara ya kwanza kwa macho yangu. Mstari wa tatu unasema rangi hiyo ilifaulu kwa ripoti ya maabara, Sampuli Arobaini na Moja.

Utaniuliza mbona sikukuandikia siku ileile. Nilitaka uhakika, na nilitaka kuwa nimekosea. Kila sampuli huwa na bamba la akiba lililopakwa rangi ileile, linalohifadhiwa kwenye bahasha. Nililichukua, nikalibandikia bomba la kioo, nikaliweka kwenye kabati la joto ambamo wiki moja hufanya kazi ya wiki nne. Nilimwambia Bi Mkubwa ninajizoeza kwa ajili ya mtihani, na mume wangu nikamwambia hivyohivyo. Wiki tatu nilikula naye, nikacheka naye, nikanywa chai yake, huku nikijua kilichomo kabatini. Nimejifunza kwamba hata mimi naweza kuficha, na kwamba si kazi ngumu. Kila mara nilifungua sanduku mwenyewe, nikaziona nyaya mwenyewe, nikasoma mwenyewe, nikaandika mwenyewe. Juzi, siku ya ishirini na moja, namba ilikuwa imeshuka kutoka bilioni hadi elfu arobaini. Nikamwaga maji, nikaliinamia bamba dirishani. Chini ya bomba palikuwa na malengelenge manne.

Bamba lile lilikwanguliwa kwa mashine, baba, likasafishwa kwa dawa, na halikuwekewa tone la thina. Rangi ile ingeota malengelenge popote. Ulisugua vizuri. Chuma chako kilikuwa safi. Nisamehe kwa kuwa nilihitaji mashine iniambie.

Leo asubuhi, akiwa anapiga viatu rangi, nililiweka bamba juu ya meza katikati ya vikombe. Hakuuliza ni la nini. Alilitazama muda mrefu, brashi ya viatu mkononi. Kisha akaanza kueleza kwamba katika zile wiki sita za mwanzo rangi ilikuwa bado juu ya kiwango, kwamba mpimaji yeyote angekisia itafaulu, kwamba yeye alisaidia tu jambo ambalo lingetokea lenyewe. Nikamwambia amekula kwako. Nikamwambia amekushikia ngazi. Akaniuliza, bila ukali wowote, mzee amebakiza miaka mingapi ya kupanda ngazi hiyo. Akasema wewe unamaliza na sisi ndio tunaanza, na kwamba jina la mtu aliyekaribia kustaafu ni kitu ambacho familia inaweza kukikosa.

Aliyasema hayo kwa ile sauti ya kusoma namba. Nilihisi kama nimekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Na sasa nifike pale ambapo kalamu imekuwa ikiniepa tangu mwanzo wa barua. Nilimwuliza kwa nini, wiki ya saba, hakupima bamba lenyewe. Akasema bamba lilikuwa limekauka. Nikamwuliza nani aliliacha likauke. Akarudia kupiga kiatu brashi. Nikauliza tena, akaniambia nikumbuke Jumamosi aliyokuja kwako, nikumbuke orodha ya zamu iliyokuwa ukutani wiki ile.

Zamu ya maji ilikuwa yangu, baba. Nilikuwa nimeahidi kupitia maabara asubuhi, dakika kumi tu, kabla ya safari ya kuja kwenu. Asubuhi yote niliimaliza kwenye kioo, natoa gauni hili, navaa lile. Nilipanda gari nikiwa na furaha iliyonijaa mpaka masikioni, na maji hayakunijia akilini siku ile wala siku iliyofuata. Jumatatu yeye aliwahi kufika kuliko mimi. Alikuta gundi imeachia, bomba limekauka, chumvi nyeupe imeganda juu ya rangi. Mimi nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na angeandika ukweli ningefukuzwa kabla ya saa sita. Akafuta chumvi kwa kitambaa kibichi, akamimina maji mapya, akafunga sanduku la wavu. Nilipoingia nikiwa naimba, nyaya zilikuwa zimembana Mtakatifu, naye akanisomea sufuri ya kwanza, nami nikaiandika; na wiki tano zilizofuata akarudia hivyohivyo, maana bamba lililokufa halikuwa tena na namba ya kweli.

Alisema alikuwa anataka kunioa, hakutaka kunirudisha kwenu nikilia. Nitakuambia ukweli, na uniwie radhi: niliposikia hivyo, kwa muda nilitaka kumwangukia shingoni. Ndipo nikakumbuka kwamba mtu huyohuyo, mwezi uliopita, alijua kila kitu. Alijua ni sampuli ipi, alijua kwa nini tangi lako limeota malengelenge. Akanikabidhi kalamu ili mimi, mwanao, nikuambie upige magoti. Sufuri zile sita ningeweza kumsamehe, kwa kuwa alizisoma kwa ajili yangu. Ile barua siwezi. Amenipa zawadi mwaka mmoja na nusu, na kila siku zawadi hiyo ilikuwa inakatwa kwenye mwili wako, na hakukuuliza wewe wala hakuniuliza mimi.

Mwisho alikubali. Alisema atabeba yote. Akavuta kiti, akaniambia nichukue karatasi, akaanza kunisomea maelezo ya kuipelekea kamati: kwamba ni yeye peke yake, kwamba bamba lilikauka kwa uzembe wake, kwamba shahidi alidanganywa. Nikawa naandika. Nilifika kwenye neno “uzembe wangu” nikaona ninachofanya. Nikaweka kalamu chini. Nilimwomba atoke, nikachukua karatasi nyingine, nikaandika peke yangu bila kusomewa. Humo nimetaja Mtakatifu aliyepimwa mahali pa bamba, na aliyempima. Nimetaja shahidi ambaye hakufungua sanduku hata mara moja katika wiki sita, na zamu ya Jumamosi, na jina la aliyekuwa zamu.

Ndani ya bahasha hii utakuta nakala ya ukurasa wa daftari, picha ya bamba, na maelezo hayo yenye sahihi yangu. Kesho saa mbili asubuhi nampelekea Bi Mkubwa daftari lenyewe, najua saa nne hatutakuwa na kazi, mimi na yeye. Jumatano nitapanda gari nije, ili Alhamisi nisimame mbele ya kamati wakiniruhusu, na wasiponiruhusu nisimame nje mlangoni. Yeye yuko chumbani. Nasikia kabati likifunguliwa na kufungwa. Sijui kama anapanga nguo zake au zangu, na sijaenda kutazama.

Nina ombi moja, na ndilo kubwa. Nakufahamu. Utakapoisomea kamati maelezo yangu utafika kwenye mstari unaonitaja, na mkono wako utataka kuuruka. Utaiambia kamati kwamba binti alidanganywa, alikuwa mchumba, alikuwa mtoto. Utasema bamba lilikauka tu, na wao watakuamini kwa kuwa una mvi. Usiuruke, baba. Usome wote mpaka mwisho, kwa sauti, mimi nikiwa nimesimama hapo. Ukiuruka utakuwa umenipenda kama alivyonipenda yeye, na penzi la namna hiyo nimekwisha kulionja.

Mkumbatie mama kwa niaba yangu, umweleze kidogokidogo, akiwa ameshakula. Mpe salamu Mzee Ngazi, umwambie hakusugua bure. Vijana wote wa brashi nawasalimu, mmoja mmoja. Mungu akulinde, akunyooshe mgongo, na atukutanishe Jumatano tukiwa hai.

Ni mimi mwanao, kitinda mimba wako, ninayekupenda na kukuomba radhi.